Je, rubani hodari wa ndege za mabomu ndiye aliyerudi salama?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni dereva wa lori, naendesha Dar es Salaam hadi Lubumbashi. Juzi kwenye foleni ya Tunduma tulibishana sana kuhusu marubani wa ndege za mabomu wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mwenzangu anasema waliishi kama mabwana: chakula kizuri, mashuka safi, usiku wanakwenda kuua watu, asubuhi wanarudi kulala na jioni wanakunywa bia. Mimi nasema walikufa kama kumbikumbi. Halafu tukakwama hapa: aliyerudi salama, alirudi kwa ustadi wake au ni bahati tu? Naomba utueleze maisha yao yalikuwaje.

JIBU: Marahaba. Ubishi wenu hauna mshindi, maana mwenzako kasema kweli na wewe umesema kweli. Rubani yule alikuwa na mashuka safi, na alikufa kama kumbikumbi, na mambo hayo mawili kukaa ndani ya siku moja ndiyo yaliyowavuruga wengi wao. Swali lako la mwisho ndilo zito. Jibu lake lilipatikana vita vikiwa bado vinaendelea, ila waliokuwa wakiruka hawakuambiwa. Nitafika huko.

Kwanza tukubaliane tunamzungumzia nani. Mmarekani aliruka mchana, na Mjapani alikuwa na vita vyake vingine kabisa huko Pasifiki. Mimi nachukua watu wa Bomber Command, kamandi ya ndege za mabomu ya Jeshi la Anga la Uingereza, walioruka usiku kwenda Ujerumani, hasa kati ya 1942 na 1945. Walioruka katika kamandi hiyo kwa miaka yote ya vita ni kama 125,000, na wote walijitolea. Waliokufa ni 55,573. Waliotekwa ni karibu 10,000, na waliojeruhiwa ni zaidi ya 8,000. Tena katika hao waliokufa, zaidi ya 8,000 hawakuguswa na Mjerumani; walikufa kwa ajali, wengi wao mazoezini, kabla hata hawajaiona pwani ya adui.

Walikuwa vijana wadogo. Rubani wa miaka 21 alikuwa mtu wa kawaida, na wa miaka 28 aliitwa mzee. Wengi walitoka moja kwa moja shuleni, benki, dukani, shambani. Wapo walioendesha ndege ya injini nne kabla hawajajua kuendesha gari, jambo ambalo naona wewe litakuchekesha. Hawakuwa Waingereza peke yao: walikuwepo watu wa Canada kwa maelfu, wa Australia, New Zealand, Poland, na weusi wa Karibi na Afrika Magharibi. Johnny Smythe wa Freetown, Sierra Leone, alikuwa msoma ramani wa ndege ya mabomu. Alidunguliwa Novemba 1943, akakaa mateka Ujerumani hadi 1945, na baadaye akawa mwanasheria mkuu wa serikali kwao.

Mafunzo yalichukua mwaka na nusu hadi miaka miwili. Wengi walipelekwa mbali ambako anga ni tulivu: Canada, Afrika Kusini, Rhodesia ya Kusini ambayo leo ni Zimbabwe. Walianzia kwenye Tiger Moth, kindege cha mabawa mawili kilichofunikwa kitambaa, wakapanda hadi ndege za injini mbili, kisha wakarudi Uingereza kukutana na mvua, mawingu na giza la nchi iliyozima taa zote. Huko ndiko wengi walikofia mazoezini, mara nyingi kwa kugonga mlima ambao ramani iliuonyesha lakini macho hayakuuona.

Namna walivyopata wenzao wa kuruka nao inashangaza. Jeshi linalopanga kila kitu, hadi soksi, hapa halikupanga. Marubani, wasoma ramani, watu wa redio, walenga mabomu na washika rashasha waliingizwa katika banda kubwa la ndege, wakaambiwa: chaguaneni. Kijana alimfuata mwingine akamuuliza kama tayari ana rubani. Mmoja alichaguliwa kwa kuwa alionekana mtulivu, mwingine kwa kuwa anatoka mji mmoja na mwenzake. Kwa nusu saa ya mazungumzo ya namna hiyo watu walichagua watakaokufa nao. Na mpango huo ulifaulu kuliko mpango wowote ambao ofisi ingeutunga.

Sasa ndege yenyewe. Iliyotumika zaidi ni Lancaster: injini nne za Merlin, mabawa ya mita 31 kutoka ncha hadi ncha, watu saba. Ikijazwa mafuta na mabomu ilikaribia tani 30. Zilitengenezwa 7,377, na zaidi ya 3,200 zilipotea vitani. Rubani alikaa kushoto, juu kidogo, kwenye kiti chenye bamba la chuma mgongoni. Alikalia mwavuli wake wa kurukia. Wenzake waliiweka yao pembeni na kuipachika kifuani siku ya balaa. Wewe una mwenzako wa kupokezana usukani. Yeye hakuwa naye. Mwanzoni mwa vita ndege za mabomu zilibeba marubani wawili, lakini kumfunza rubani ni ghali, ikaamuliwa mmoja atosha. Pembeni yake alikaa fundi wa injini, kwenye kiti cha kukunja, akiangalia mafuta na joto la injini na kusukuma vishikio vya mafuta wakati wa kuruka. Kwa lugha ya barabarani, huyo alikuwa utingo, tena utingo hodari, aliyefundishwa kidogo kuishika ndege inyooke ikiwa rubani amepigwa. Kidogo sana.

Rubani ndiye aliyekuwa nahodha hata kama cheo chake kilikuwa cha chini. Sajenti wa miaka 20 aliweza kumwamuru msoma ramani mwenye nyota begani, na mle ndani ya ndege hakuna aliyebisha. Wakitua, sajenti alikwenda kula kwenye bwalo la masajenti na mwenzake akaenda la maofisa. Mimi naona huo ulikuwa upuuzi, kuwatenganisha mezani watu ambao angani wanaachiana roho, lakini ndivyo jeshi lile lilivyokuwa.

Kambi zilikuwa mashariki mwa Uingereza, hasa mkoa wa Lincolnshire, tambarare iliyojaa viwanja vya ndege. Mashuka safi yalikuwepo, ingawa wengi walilala kwenye mabanda ya bati yenye baridi na jiko moja la makaa. Siku ilianza kwa swali moja: leo tunakwenda? Jina la rubani likionekana kwenye orodha iliyobandikwa ukutani, simu za kutoka nje zilifungwa na hakuna aliyeruhusiwa kutoka kambini. Asubuhi waliipeleka ndege juu kuijaribu. Kisha wakangoja kusikia wanakwenda wapi. Hata hivyo walibahatisha kwa kuangalia mafuta: mafundi wakijaza matangi yote, ujue safari ni ndefu, na mabomu yatakuwa machache.

Alasiri waliitwa chumba cha maelekezo. Ramani ya Ulaya ilikuwa imefunikwa pazia. Mkuu wa kikosi akiingia wote walisimama, pazia likafunguliwa, na utepe mwekundu ukaonyesha njia kutoka Lincolnshire hadi mji wa usiku huo. Utepe ukiishia Ufaransa watu walishusha pumzi. Ukiishia Berlin, chumba kilinuna. Halafu akasimama mtu wa hali ya hewa, ambaye wote walimcheka kwa kuwa hutabiri vibaya, na mara nyingine kweli alitabiri vibaya na watu wakafa kwa hilo.

Baada ya hapo ndipo chakula alichokisema mwenzako: nyama ya nguruwe na mayai. Wakati ule raia wa Uingereza alikuwa akipata yai moja kwa wiki kwa kadi ya mgao, kwa hiyo yai kwenye sahani lilikuwa heshima kubwa, na pia tangazo kwamba usiku huu unaweza kuwa wa mwisho. Waliutania mlo huo: usiporudi, nile yai lako? Walikabidhi barua, tiketi za basi, chochote kinachoweza kumfaidi adui, wakapewa ramani iliyochapwa kwenye hariri na fedha za kigeni za kutorokea. Wengine walimeza vidonge vya kuzuia usingizi. Gari, mara nyingi likiendeshwa na binti wa jeshi, liliwapeleka hadi ilipoegeshwa ndege, na hapo wakangoja tena saa nzima au zaidi. Walioandika kumbukumbu zao wanakubaliana kwamba saa hiyo ilikuwa mbaya kuliko zote. Tumbo linasokota, maneno yameisha. Wengi walikwenda kukojolea gurudumu la nyuma la ndege kwa ajili ya bahati. Kila mmoja alikuwa na hirizi yake: skafu ya mchumba, mguu wa sungura, mwanasesere. Mtu aliyesahau skafu yake alirudi mbio kuichukua hata kama gari limeshawasha.

Kuruka kwenyewe kulitisha. Tani 30, matangi yamejaa petroli, mabomu chini ya miguu, na ndege ina tabia ya kuvuta kushoto. Injini moja ikizimika kabla hujapata mwendo, habari yenu imekwisha. Wakishapanda walivuka Bahari ya Kaskazini gizani, mamia ya ndege bila taa, kila moja ikijitafutia njia yake, na zilizogongana hazikuwa chache. Juu ya mita 3,000 walivaa vinyago vya oksijeni. Kwenye mita 6,000 baridi ilishuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri na zaidi, na mshika rashasha wa mkiani alikaa peke yake humo saa saba au nane akiwa na nguo zinazopashwa moto kwa umeme, ambazo ziliharibika mara kwa mara. Rubani hakuweza kutoka kwenye kiti. Haja ndogo alimaliza kwenye kopo, na fundi akalitupa.

Lakini ukiniuliza kazi ya rubani wa mabomu ni nini hasa, nitakuambia ni zile dakika chache juu ya shabaha. Mbele mji unawaka. Mihimili ya taa inafagia anga, na mmoja wa buluu, unaoongozwa na rada, ukikushika, mingine yote inakuja kukuzingira na mizinga ya chini inaanza kukufumua. Kila kitu mwilini kinamwambia rubani ageuke. Naye hapaswi kugeuka. Mlenga mabomu amelala kifudifudi puani mwa ndege, anasema kushoto kidogo, kushoto, hapo hapo, na rubani anaishika ndege inyooke kama iko kwenye reli. Mabomu yakitoka, ndege inaruka juu yenyewe kwa kupungua uzito. Bado. Anatakiwa kunyoosha tena kwa nusu dakika hivi, maana kamera iliyo tumboni itapiga picha bomu la mwanga litakapolipuka chini, na makao makuu yanataka picha hiyo kama ushahidi kwamba kweli mlifika. Nusu dakika hiyo marubani waliichukia kuliko mizinga.

Na ndege ikipigwa, nahodha hutoka mwisho. Usiku wa 30 Mei 1942, katika shambulio la kwanza la ndege elfu moja dhidi ya Cologne, Leslie Manser, wa miaka 20, aliishikilia ndege yake aina ya Manchester ikiungua na kushuka ili wenzake waruke na miavuli. Mwenzake mmoja alimpa mwavuli, akaukataa. Wote sita waliruka wakapona, watano wakafichwa na wananchi wa Ubelgiji hadi wakarudi kwao, na ushahidi wao ndio uliompatia Manser, akiwa marehemu, Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza.

Haya, ustadi na bahati.

Zamu ya mtu ilikuwa safari 30. Akizimaliza anapumzishwa, kwa kawaida miezi sita akifundisha wengine, halafu anaweza kuitwa tena kwa safari 20. Sasa piga hesabu. Kama katika kila safari ndege 4 kati ya 100 hazirudi, basi katika watu 100 wanaoanza zamu ni kama 29 tu wanaoimaliza. Zikipotea 5 kati ya 100, wanabaki 21. Katika majira ya baridi ya 1943 na 1944, wakati wa mashambulio ya Berlin, viwango vilikuwa hivyo na usiku mwingine vilizidi. Mbaya kuliko wote ulikuwa usiku wa Nuremberg, 30 Machi 1944: zilikwenda ndege 795 chini ya mbalamwezi, hewa ya juu ikawa inaacha mistari myeupe nyuma ya kila ndege, na 95 hazikurudi.

Walichoambiwa vijana ni kwamba safari za kwanza ndizo za hatari, na ukishapata uzoefu nafasi yako inakuwa nzuri. Kwa rubani mgeni kabisa hilo lilikuwa na ukweli. Ndiyo maana kabla ya kuongoza wenzake alipelekwa safari moja akisimama nyuma ya rubani mzoefu, aone kwa macho. (Wako waliokufa katika safari hiyo ya kutazama, na wenzao sita wakabaki kambini bila nahodha.) Yalikuwepo pia mambo ya ustadi mtupu: rubani aliyesikia mshika rashasha wake akipiga kelele kwamba adui yuko nyuma aliinamisha ndege ghafla upande mmoja, akashuka kama anayeanguka, akageuza upande wa pili akapanda, tena na tena, na mwindaji wa nyuma akashindwa kulenga. Aliyelifanya vizuri jambo hilo, na ambaye watu wake hawakusinzia, alikuwa na afadhali.

Kulikuwa na kijana wa miaka 19 au 20, Freeman Dyson, mwanahisabati wa kiraia aliyefanya kazi ya kuchambua takwimu makao makuu ya kamandi hiyo kuanzia Julai 1943. Alichukua hasara za mashambulio ya Berlin akalinganisha wageni na wazoefu. Kabla yake uchambuzi wa namna hiyo ulikuwa umeonyesha wazoefu wanapotea kidogo kuliko wageni. Safari hii tofauti ilikuwa imetoweka. Mwenye safari 25 alidunguliwa sawa na mwenye tano.

Sababu yake ilikuja kueleweka baadaye. Wajerumani walikuwa wamefunga mizinga inayoelekea juu kwenye migongo ya ndege zao za kuwinda usiku. Rubani wao aliongozwa na rada, akaja taratibu chini ya tumbo la Lancaster, mahali ambapo hakuna anayemwona, akalenga matangi ya mafuta bawani, akapiga. Hakukuwa na kelele wala onyo. Uhodari wa kuikwepesha ndege ungekusaidia nini, kama hujui kuna mtu chini yako? Mbaya zaidi, kifaa cha rada walichofungiwa vijana wa Bomber Command mkiani ili kiwaonye adui akija, kilitoa mawimbi ambayo Wajerumani walijifunza kuyafuata. Waingereza waligundua hilo Julai 1944, pale ndege ya Kijerumani aina ya Ju 88 ilipopotea njia na kutua kwenye uwanja wa Uingereza ikiwa na kipokezi cha mawimbi hayo. Kwa miezi kadhaa, rubani makini aliyeacha kifaa chake kikiwaka kama alivyoelekezwa alikuwa akijitangaza mwenyewe.

Dyson na wenzake walipendekeza pia rashasha ziondolewe na ndege ipunguzwe uzito, iende kwa kasi zaidi na ibebe watu wachache wa kufa. Halikukubaliwa. Na kuna habari ya mlango. Tundu la kutokea puani mwa Lancaster lilikuwa jembamba kuliko la Halifax, ndege nyingine ya mabomu ya Waingereza, kwa inchi mbili hivi, na mtu mwenye mavazi mazito na mwavuli kifuani alilipita kwa shida. Katika Lancaster iliyodunguliwa, kwa wastani, aliyeponea chupuchupu alikuwa kama mmoja kati ya saba. Halifax, ambayo marubani wengi waliiona ni ndege duni, iliwaachia zaidi ya hapo. Kwa hiyo jibu langu ni kwamba ustadi ulikuvusha mazoezini, ukakuvusha safari tano za mwanzo, ukakusaidia kutua na injini mbili kwenye ukungu. Baada ya hapo, waliopona waliamuliwa na mambo ambayo hakuna rubani aliyeyashika mkononi.

Wenyewe walilihisi. Ndiyo hirizi, na ndiyo bia. Mwenzako anaiona bia kama starehe. Baa za Lincoln na York zilijaa kweli, waliimba, walivunja viti, walipanga foleni za kucheza dansi. Lakini asubuhi mtu aliamka akakuta vitanda vya pembeni vimekunjwa. Kulikuwa na watu maalumu wa kukusanya vitu vya wasiorudi, wakipekua barua kwanza ili mama au mke asipelekewe kitu cha kumwongezea uchungu. Jioni hiyo hiyo, wageni walikuwa wameshalalia vitanda vile. Wazoefu wengi hawakutaka hata kujua majina yao.

Kulikuwa na mambo ya kuwaudhi pia. Mwanzoni mwa 1944, walipoanza kupelekwa mara kwa mara Ufaransa kupiga reli na kambi, wakubwa waliamua kwamba safari ya Ufaransa ni nyepesi, itahesabiwa theluthi moja ya safari. Watu walinung'unika: mtu hafi theluthi. Usiku wa 3 Mei walitumwa kupiga kambi ya vifaru ya Mailly-le-Camp, wakacheleweshwa wakizunguka hewani wakingoja amri, na ndege 42 kati ya 346 za Lancaster zikadunguliwa. Theluthi ikafutwa.

Na aliyeshindwa? Kwa kuwa wote walijitolea, mtu aliweza kusema siendi tena. Bei yake ilikuwa aibu. Faili lake liliandikwa kwamba amekosa uthabiti wa moyo, akavuliwa beji ya urubani na kuondolewa kambini haraka kabla hajawaambukiza wengine. Walifanyiwa hivyo hata watu waliokwisha kwenda safari 20 na zaidi. Sioni namna ya kulitetea hilo. Mahali pengine kamanda mwenye busara alimwita kijana aliyechoka, akampeleka likizo au kazi ya kufundisha, na jambo likaishia hapo.

Billy Strachan wa Jamaika ni mfano mzuri wa mtu ambaye moyo uliisha bila yeye kuwa mwoga. Alikuja Uingereza 1940 baada ya kuuza baiskeli na saksafoni yake kupata nauli, akamaliza zamu nzima ya safari 30 kama mshika rashasha, kisha akasomea urubani na kurudi vitani akiwa nahodha. Usiku mmoja wa ukungu, akiwa amebeba bomu kubwa, alimuuliza fundi wake Kanisa Kuu la Lincoln liko wapi, maana minara yake ilikuwa alama yao ya njia. Fundi akajibu kwamba wamelipita sasa hivi. Strachan akatazama, akaona minara iko pembeni kabisa ya ncha ya bawa. Hakuwa ameiona. Mwenyewe alisimulia kwamba hapo hapo ujasiri wake uliisha, na hakuendelea tena.

Umeniuliza kuhusu wao, lakini siwezi kukuacha bila kuwataja waliokuwa chini. Februari 1942 kamandi ilipewa agizo la kulenga ari ya raia, hasa wafanyakazi wa viwandani, na mkuu wake, Arthur Harris, alilitekeleza bila kumung'unya maneno. Maana yake ni nyumba za watu. Hamburg, mwishoni mwa Julai 1943, vipande vya karatasi ya alumini vilivyomwagwa angani vilipofusha rada za Wajerumani, na usiku wa 27 moto mmoja ulijikusanya mpaka ukavuta hewa kama tufani. Kwa siku zile za mashambulio walikufa watu kati ya 35,000 na 40,000, wengi wao wanawake, watoto na wazee. Rubani aliona nini? Kutoka mita 6,000 aliona rangi. Wengine waliandika kwamba ilipendeza, kisha wakaona haya kwa kuandika hivyo. Wako waliosema Mjerumani alianza kwa Warsaw, Rotterdam na London, wakalala usingizi. Wako waliokaa miaka 40 bila kuwaambia watoto wao walichofanya. Serikali yao yenyewe, vita vilipokwisha, haikutaka kulizungumza sana, na mnara wao mkubwa London haukuzinduliwa hadi 2012.

Aliyemaliza safari 30 alipewa likizo, akaagwa kwa kelele baa, akapelekwa kufundisha kwenye ndege kuukuu zilizochoka vitani, kazi ambayo nayo iliua wengi. Baadhi waliomba kurudi. Hawakuweza tena kuzungumza na watu ambao hawakuwahi kungoja ile saa ya kando ya ndege. Guy Gibson aliongoza shambulio la mabwawa ya Ruhr Mei 1943 akiwa na miaka 24. Kati ya ndege 19 za usiku ule 8 hazikurudi. Yeye alirudi akiwa shujaa wa taifa, mwenye safari zaidi ya 170, akapewa kazi za ofisini na ziara za kuonyeshwa watu Marekani. Kwa ustadi na uzoefu ni wachache waliomzidi. Aling'ang'ania kuruka tena hadi wakamruhusu, na Septemba 1944, akitoka kwenye shambulio huko Ujerumani, ndege yake ikaanguka Uholanzi. Alikuwa na miaka 26.